Ushindi Juu ya Nani? Neno "Evict" na Vilima vya Igogo

Maneno mawili ya Kiingereza yanayomhusu mkazi wa Igogo yana mzizi mmoja wa Kilatini. La kwanza ni "Victoria", jina ambalo John Hanning Speke alilipachika ziwa letu baada ya kuliona kutokea Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, kwa heshima ya malkia wake, ilhali wenyeji walikwisha kuliita Nyanza. La pili ni "evict", yaani kumwondoa mtu katika nyumba au ardhi. Yote mawili yanatokana na kitenzi "vincere", kushinda. "Victoria" ni ushindi. "Evincere" ni kushinda kabisa.

Hata hivyo, ushindi huo wa pili haukuwa wa mabavu. Katika sheria ya Kirumi, "evictio" ilitokea pale mnunuzi alipopoteza mali kwa hukumu, baada ya mtu mwingine kuthibitisha kuwa ana haki iliyo bora zaidi. Hapo muuzaji aliwajibika kumlipa mnunuzi. Neno lilibeba mambo matatu: shauri kusikilizwa, haki kuthibitishwa, na aliyeuza kuwajibika.

Historia yetu ya ardhi ilianza kinyume. Amri ya Wajerumani ya 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Sheria ya Waingereza ya 1923 iliiweka ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, chini ya Gavana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo imemkabidhi Rais ardhi yote kama mdhamini wa wananchi. Lakini sheria hiyo hiyo inatambua leseni ya makazi, urasimishaji wa maeneo yasiyopimwa, na fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu.

Sasa tukitazame Kiswahili cha ofisini. Mkazi wa makazi yasiyopimwa huitwa "mvamizi". Hilo ni neno la vita: mvamizi hasikilizwi, hufukuzwa. Lakini wengi waliojenga juu ya mawe ya vilima vya Mwanza hawakuvamia. Walinunua, wakaandikiana mbele ya mashahidi, mara nyingi akiwemo kiongozi wa mtaa. Wapo waliovutiwa umeme na maji, na waliolipa kodi ya majengo. Dola iliyopokea kodi haiwezi kudai kwamba haikumjua mlipaji.

Mtumishi wa umma anayeandaa notisi na ajiulize maswali ya Warumi: nani amesikilizwa, haki ya nani imethibitishwa, na aliyeshuhudia mauzo atawajibikaje? Yasipojibiwa, kilichobaki ni ushindi mtupu, na walioshindwa ni raia wenyewe.