Mpaka Unaopita Mint Road

Ukitazama ramani, Fordsburg iko mamia ya kilomita kutoka mpaka wowote wa Afrika Kusini. Hakuna mto wa kuvuka wala uzio. Kuna Oriental Plaza, kuna maduka ya simu na vitambaa, na jioni kuna moshi wa nyama kando ya Mint Road. Lakini mtu anayekaa Fordsburg au jirani yake Mayfair, awe Mtanzania, Mkongo, Msomali au Mmalawi, anaweza kukutana na mpaka akitoka tu kununua mkate. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2002 kinampa afisa wa uhamiaji, na askari polisi pia, uwezo wa kumsimamisha mtu yeyote popote nchini na kumtaka ajitambulishe kuwa raia, mkaazi au mgeni. Afisa asiporidhika, tena kwa sababu za msingi, anaweza kumweka mtu huyo kizuizini hadi ukweli ujulikane.

Sisi wanachama tunaishi na kifungu hicho. Wengi wetu tuna picha ya pasipoti ndani ya simu, na wenzetu wanaoomba hifadhi hawaiachi nyumbani karatasi yao ya kifungu cha 22 hata wakienda kucheza mpira. Katika makala haya hatutaki kulalamika. Tunataka kuuliza swali la kihistoria: mpaka ulihamiaje mjini, nani alipewa nguvu ya kuulinda kwa mkono, na mkono huo ulipozidi kiasi, nani aliulizwa?

Jibu linaanzia karibu sana nasi. Msikiti wa Hamidia uko Jennings Street, Newtown, hatua chache kutoka Fordsburg. Tarehe 16 Agosti 1908, katika uwanja wake, Wahindi wa Transvaal walitia vyeti vyao vya usajili katika sufuria kubwa la miguu mitatu, wakamwagia mafuta ya taa na kuviwasha. Vilikuwa zaidi ya elfu moja. Sheria iliyowachoma mioyo ilikuwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1907, iliyowataka Waasia wanaume, Wahindi na Wachina, wajiandikishe, watoe alama za vidole vyote kumi, na waonyeshe cheti kila afisa anapokidai. Mohandas Gandhi alikuwa amefungwa Januari mwaka huohuo kwa kukataa. Akaachiliwa kwa makubaliano na Jenerali Smuts, kisha akaona makubaliano yamevunjwa.

Tuseme wazi jambo ambalo vitabu vya sifa hulipitia haraka. Mwafrika wa Transvaal alikuwa akibeba pasi zamani, na harakati ile ya 1908 haikuwa kwa ajili yake. Waliochoma vyeti walikasirika, pamoja na mambo mengine, kwa kutendewa kama yeye. Hilo halifuti ushujaa wao, ila linatusaidia kuelewa kwa nini mbinu zilezile za kudai karatasi barabarani ziliendelea kwa miaka themanini mingine juu ya migongo ya watu wengine.

Kilichofuata baada ya moto ule ndicho kinachotuhusu zaidi. Transvaal na Natal zilikuwa bado makoloni mawili, na mpaka ulikuwa Volksrust. Asiye na cheti alipelekwa hadi pale akasukumwa upande wa Natal. Wengi waligeuka na kurudi, wakakamatwa tena, wakafungwa kwa kazi ngumu. Serikali ilipoona Volksrust haitoshi, ikaanza kuwapitisha watu Lourenço Marques, siku hizi Maputo, na kuwapakia melini kwenda India, wakiwemo watu waliokuwa na makao yao Transvaal.

Majina mawili yamebaki. Nagappen, kijana, alifungwa siku kumi katika baridi ya Juni 1909, akatoka mgonjwa wa mapafu na kufa tarehe 6 Julai. Narayanswamy alifukuzwa hadi India, akarudi kwa meli, akakataliwa kushuka bandarini, akafa Oktoba 1910 katika ghuba ya Delagoa. Hakuna afisa aliyefungwa kwa vifo hivyo. Kaburi la Nagappen liko Braamfontein, mwendo wa miguu kutoka Fordsburg, na mwanachama yeyote anaweza kwenda kuliona mchana mmoja.

Mwaka 1913 Muungano mpya wa Afrika Kusini ulitunga sheria moja ya wahamiaji kwa nchi nzima, na humo likakomaa neno la mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kuanzia hapo mtu hakuhitaji kufanya kosa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kosa. Serikali iligeuza pia watu kwa kalamu. Watumwa walioachwa huru na kushushwa Durban kuanzia 1873, wengi wao Wamakua kutoka pwani ya Msumbiji, waliitwa Wazanzibari, na chini ya ubaguzi wa rangi wakaandikwa kuwa aina ya Waasia. Wapenda Kiswahili tunaipenda hadithi hiyo kwa sababu ya jina, lakini maana yake ni kwamba afisa mwenye rejista aliweza kuamua nani anatoka wapi. Katika miaka ya 1980 ukaja uzio wa umeme wa mpaka wa Msumbiji, ambao watu waliuita nyoka wa moto. Huo haukuhitaji hata afisa.

Baada ya 1994 katiba ilibadilika, sheria ya uhamiaji haikubadilika haraka. Sheria ya Kudhibiti Wageni ya mwaka 1991, ya serikali ya zamani, iliendelea kutumika hadi sheria ya 2002 ilipoanza kazi. Mwaka 1996 kilifunguliwa kituo cha Lindela, Krugersdorp, ambako waliokamatwa mjini husubiri kurudishwa kwao. Shirika la Human Rights Watch mwaka 1998, na Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini mwaka 1999, yalieleza jinsi watu walivyokamatwa kwa sababu ya weusi wa ngozi, lafudhi, au alama ya chanjo mkononi. Wengine walinyimwa nafasi ya kwenda kuchukua karatasi zao nyumbani. Wengine walichaniwa karatasi mbele ya macho yao.

Hapa wanafunzi wa lugha tusimame kidogo. Katika ghasia za Mei 2008 makundi ya raia yaliwauliza watu jina la kiwiko kwa Kizulu. Aliyeshindwa kusema indololwane alihesabiwa mgeni. Raia hawakubuni mtihani huo peke yao. Kupima watu kwa lafudhi ilikuwa tayari desturi ya waliovaa sare. Raia wengi wa Afrika Kusini wenyewe, Wavenda na Watsonga hasa, wangeweza kuanguka katika somo hilo. Lugha, ambayo chama chetu huisifu kila Ijumaa kuwa ni daraja, ilitumika kama kizuizi cha barabarani.

Januari 1998, mashariki ya Johannesburg, askari sita wazungu wa kikosi cha mbwa cha North East Rand waliwachukua wahamiaji watatu wa Msumbiji hadi mahali pa faragha na kuwaachia mbwa. Waliwatukana kwa rangi yao, wakawapiga, wakacheka, na mmoja akarekodi yote kwa video, kama mazoezi ya mbwa. Kanda hiyo ilikaa karibu miaka mitatu. Kipindi cha Special Assignment cha SABC kilipoionyesha Novemba 2000, nchi ilitetemeka. Novemba 2001 askari wanne, baada ya kukiri, walihukumiwa vifungo vya kati ya miaka minne na mitano.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa sheria. Sisi tunasita. Waathirika watatu walikuwepo Januari 1998 wakiwa na majeraha yao, na hayakutosha. Kilichotosha ni picha, iliyopigwa na watenda kosa kwa kujifurahisha. Miaka kumi na mitano baadaye ilikuwa hivyohivyo Daveyton: Februari 2013 dereva wa teksi wa Msumbiji, Mido Macia, alifungwa nyuma ya gari la polisi akaburutwa barabarani, akafia mahabusu. Wapita njia walirekodi kwa simu. Askari wanane walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2015, kila mmoja miaka 15. Kosa lililoanzisha mkasa huo halikuwa hata la uhamiaji. Lilikuwa la kuegesha gari.

Kiswahili kinatofautisha nguvu na mabavu, na sheria ya Afrika Kusini inafanya hivyo pia. Tarehe 21 Mei 2002, katika shauri la Walters, Mahakama ya Katiba ilisema kwamba anayekamata mtu anaweza kutumia nguvu pale tu inapolazimu, na kwa kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Kumpiga risasi mtu kwa sababu tu anakimbia si kukamata. Kanuni ni nzuri. Shida ni nani anaipima baada ya tukio.

Kwa polisi kuna chombo. Tangu 2012 kurugenzi huru, IPID, inachunguza vifo mahabusu, risasi na vipigo vya polisi wa taifa na polisi wa jiji. Sheria yake ya 2011 inataja makundi hayo mawili. Afisa wa uhamiaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani hamo. Katika msako mmoja wa Fordsburg unaweza kuona sare tatu zikishuka katika magari matatu: polisi wa taifa, polisi wa jiji na maafisa wa uhamiaji. Aliyepigwa na mmoja wa wawili wa kwanza ana mlango wa IPID wa kubisha. Aliyepigwa na wa tatu anaweza kufungua kesi polisi kama raia mwingine, kulalamika wizarani, au kutafuta wakili. Na mtu aliyelazwa kifudifudi kwenye lami hana nafasi ya kusoma beji za sare. Kwa maoni yetu, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, nalo halizungumzwi kwa sababu halina picha.

Walioingia kwa njia ya mahakama wamepata zaidi. Kesi iliyo karibu na masikio ya Mswahili ni ya Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania kutoka Zanzibar, aliyetafutwa na Marekani kwa shambulio la bomu la Dar es Salaam la Agosti 1998 lililoua watu 11. Alikamatwa Cape Town tarehe 5 Oktoba 1999 na maafisa wa uhamiaji wakishirikiana na FBI, na baada ya muda mfupi akawa ndani ya ndege ya kwenda New York. Serikali ilisema ni kumfukuza mgeni tu. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ilisema hapana: alikabidhiwa kinyume cha katiba, bila ahadi kwamba hatauawa, na ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe haraka kwa mahakama ya Marekani. Alifungwa maisha. Hatuna huruma na kosa lake, na ndugu wa waliokufa Dar wana haki ya kutotaka kusikia habari zake. Lakini kama sheria ilimlinda hata yeye, fundi simu wa Mint Road hawezi kuambiwa kwamba haimhusu.

Kesi ya pili ni ya wakaazi wa majengo 11 ya katikati ya Johannesburg, waliopekuliwa mara kwa mara kati ya Juni 2017 na Mei 2018 na polisi wa taifa, polisi wa jiji na maafisa wa uhamiaji, bila hati ya upekuzi. Watu walitolewa nje usiku, wakachukuliwa alama za vidole barabarani. Alama za vidole, kama mwaka 1907. Oktoba 2021 Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele cha sheria ya polisi kilichoruhusu nyumba za watu kupekuliwa hivyo.

Ya tatu inahusu kizuizi chenyewe. Sheria ya 2002 iliruhusu mgeni kuwekwa ndani siku 30 bila kumwona hakimu. Wanasheria wa Lawyers for Human Rights walipinga, na tarehe 29 Juni 2017 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kila anayezuiliwa afikishwe mbele ya mahakama, mwenyewe kwa mwili wake, ndani ya saa 48. Maana ya uamuzi huo kwa mada yetu ni kubwa. Hakimu anayemwona mtu ana kwa ana siku ya pili huona pia jicho lililovimba. Siku ya thelathini uvimbe umeshuka.

Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Muda ulipita Juni 2019 bila marekebisho, na kwa miaka kadhaa mahakimu wa wilaya walifanya kazi bila mwongozo. Wizara iliporudi Mahakama ya Katiba kuomba msaada, ilipokelewa kwa ukali. Oktoba 2023 majaji walimwamuru Waziri Aaron Motsoaledi na katibu mkuu wake walipe sehemu ya gharama za kesi kutoka mifukoni mwao wenyewe. Hivyo waziri alitozwa kwa kuchelewesha sheria, huku afisa anayeshuka garini Mint Road akiwa bado nje ya sheria ya IPID, akisimamiwa na wizara ileile.