Fedha za Hisani katika Hospitali ya Mkomaindo

Hospitali ya Mkomaindo iliyopo Masasi, ambayo leo ni ya Serikali, ni tunda la Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani chama cha Kianglikana kilichoanzishwa Uingereza kufuatia wito alioutoa David Livingstone mwaka 1857, na ambacho mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, kilifungua kituo Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Historia ya tiba katika eneo hilo husimuliwa kwa kawaida kupitia madaktari wake, kama Leader Stirling aliyefika mwaka 1935 na baadaye kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hata hivyo, hatima ya hospitali iliamuliwa pia na namna fedha zake zilivyopatikana.

Chama kilitegemea sadaka za waumini wa Uingereza, waliopashwa habari za Masasi na jarida lake, Central Africa, lililoanza mwaka 1883. Sadaka ya namna hiyo huweza kujenga wodi, kwa kuwa mtoaji huona alichokijenga, lakini ni vigumu kuitegemea kwa gharama za uendeshaji, yaani dawa, chakula na mishahara, ambazo hurudi kila mwezi iwe michango imeingia au haijaingia. Pengo hilo lilipunguzwa na wamisionari wenyewe, waliofanya kazi bila mshahara na kupewa matunzo tu. Hivyo kazi ya daktari au muuguzi ilikuwa mchango mkubwa usioonekana katika hesabu. Wauguzi na wasaidizi Waafrika, waliokuwa na familia za kulisha, hawakuweza kuishi kwa utaratibu huo, na kila hesabu ya hisani isiyowataja inabaki pungufu.

Jirani na Masasi, huko Ndanda, watawa Wakatoliki wa Kibenedikto walifuata njia nyingine: hospitali, ambako Sista Thekla Stinnesbeck alikuwa daktari, iliegemea abasia, yaani monasteri, yenye mashamba na karakana, na hivyo kuwa na chanzo cha mapato kilichokuwa karibu nayo, ingawa misaada ya Ulaya iliendelea kuhitajika. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko ukubwa wa majengo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilipanua ruzuku, yaani fedha za umma zilizotolewa kwa hospitali za misheni zilizotimiza masharti yake, na taratibu gharama za kudumu zikaanza kuhama kutoka mfuko wa sadaka. Mwaka 1965 chama kiliungana na chama kingine cha Kianglikana, na katika zama za uhuru Mkomaindo ikaingia mikononi mwa Serikali. Wagonjwa walipoanza kuchangia gharama katika hospitali za umma mwaka 1993, watoto wadogo na wajawazito walisamehewa ada, lakini gharama za kuwatibu hazikusamehewa na yeyote.