Keya ya Ngapi? Neno "Rejimenti" Kutoka Liuli hadi Tabora

Ghuba ya Liuli, katika Wilaya ya Nyasa ya leo iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la jabali lake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza wakarudi, safari hii wakiwa na askari wa miguu. Hao wakateremka pwani, meli ikaharibiwa isiweze kuelea tena mpaka vita vilipokuwa vinaisha.

Nilipoandika kisa hiki kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, niliandika hivi: "Kikosi cha King's African Rifles kilitua Liuli." Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hicho kikosi kilikuwa na watu wangapi?" Nikakwama. King's African Rifles ilimaliza vita ikiwa na askari zaidi ya 30,000, na pwani ya Liuli haikuwaona wote hao. Kijana alikuwa amesoma sentensi yangu kwa makini kuliko nilivyoiandika.

Kosa lilikuwa katika neno "kikosi". Mswahili akisema kikosi anaona watu walio pamoja, chini ya mkuu mmoja, kwa kazi moja: kikosi cha zimamoto, kikosi cha timu kinachoingia uwanjani jioni hii. Unaweza kukihesabu, unaweza kukipigia paredi. Rejimenti ya Kiingereza haiko hivyo. Ni jina, ni nembo ya kofia, ni desturi na orodha ya mapigano ambayo askari wapya wanarithi kutoka kwa waliowatangulia. Chini ya jina hilo kuna batalioni, moja au ishirini, na ni batalioni inayopiga kambi, inayokula na kupigana. Batalioni mbili za rejimenti moja zaweza kumaliza vita bila kuonana.

Huku Umatengoni, upande wa Mbinga, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mtu ana ukoo wake, na ana nyumba anayolala. Ukoo haulali chini ya paa moja. Wajukuu wamesambaa Litembo, wengine Mbinga mjini, wengine hawajawahi kuuona mlima ambako babu yao alilima mashamba ya ngoro, lakini akiulizwa kila mmoja atataja jina lilelile. Rejimenti ni ukoo, batalioni ni nyumba. Ukiita ukoo "nyumba" utapata swali kama la yule kijana.

King's African Rifles ilizaliwa hivyohivyo, kwa kuunganisha nyumba zilizokuwapo tayari. Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza walikusanya majeshi yao madogo ya Nyasaland, Kenya, Uganda na Somalia chini ya jina moja. Batalioni ya kwanza na ya pili zikawa za Nyasaland, Malawi ya leo, ng'ambo tu ya maji kutoka Liuli na Mbamba Bay. Ya tatu ikawa ya Kenya, ya nne ya Uganda. Maofisa walikuwa Wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda zaidi ya vyeo vya chini. Ndiyo maana sipendi kuusifu ukoo huu wa kijeshi kana kwamba ulikuwa wa askari wenyewe. Jina walipewa na mfalme asiyewajua. Hata hivyo walilichukua, wakalikata herufi, wakalifanya lao: Keya. "Babu alikuwa Keya." Hakuna mtaalamu wa istilahi aliyewasaidia, na sijaona tafsiri bora zaidi.

Upande wa pili wa Vita Kuu ya Kwanza hapakuwa na rejimenti kabisa. Jeshi la Wajerumani katika koloni hili mwaka 1914 lilikuwa na kombania 14 za askari wa miguu, kila moja na namba yake na wapagazi wake, ikijitegemea pale ilipowekwa. Ya tano ilikuwa Masoko, karibu na Tukuyu. Askari wake aliitambua kombania, si ukoo wowote juu yake. Ukilitazama neno lenyewe, sauti yake iko karibu na Kijerumani kuliko Kiingereza, wakati ndugu yake "kampuni" aliingia kwa mlango wa biashara. Vyeo navyo vilikuwa vya njia nyingine: ombasha na shaushi ni maneno ya Kituruki, yaliyokuja na Wasudani ambao Hermann von Wissmann, mwenye jina la ile meli ya Liuli, aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Waingereza walipoiteka Songea Septemba 1916, msamiati huo ulianza kufifia. Sajini na koplo wakachukua nafasi.

Lakini watu hawakufifia. Batalioni ya sita ya Keya, iliyoundwa upya mwaka 1917, ilichukua wengi waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu mmoja aliweza kuwa ombasha wa kombania, kisha koplo wa Keya, bila kubadilisha kazi wala bunduki kubadilisha uzito. Batalioni hiyo ya sita ndiyo ikawa ya Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilipozidisha idadi, Waingereza walibuni hesabu ya ajabu: batalioni mpya za Tanganyika hazikuitwa ya saba na ya nane, bali ya 26 na ya 36. Sita ya mwisho ilibaki kuonyesha zimezaliwa wapi. Zote mbili zilipelekwa Burma mwaka 1944. Anayesoma "36" na kudhani palikuwa na batalioni 35 mbele yake amepotea, na tafsiri ya "kikosi cha 36" humsaidia kupotea.

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, batalioni ya sita na ya 26 zikageuka kuwa ya kwanza na ya pili za Tanganyika Rifles, moja Dar es Salaam na nyingine Tabora. Kambi zao zilikuwa bado na majina ya mapigano ya Keya: Colito ya Ethiopia, Kalewa ya Burma. Colito ndiyo Lugalo ya leo, iliyopewa jina la mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Baada ya askari wake kuasi Januari 1964, rejimenti ilivunjwa, na jeshi jipya lililoanza Septemba mwaka huo halikutaka ukoo wa mfalme. Likachagua "kikosi", likakipa namba na herufi KJ. Kwa jeshi hilo neno ni sahihi kabisa: kila KJ ni watu unaoweza kuwapigia paredi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi ilifanya tofauti. Batalioni ya kwanza ya Keya ikawa Malawi Rifles, na jina la rejimenti likaendelea.

Kwa hiyo naomba waandishi wa historia tuache kutafsiri kwa mazoea. "Kikosi" kibaki kwa jeshi letu na kwa maana yake ya kila siku. "Rejimenti" litumike pale tu tunaposema ukoo, na "batalioni" pale tunaposema waliopigana. Sentensi yangu ya Liuli sasa inasomeka: "Askari wa rejimenti ya Keya kutoka Nyasaland waliteremka Liuli." Idadi yao haimo, na wala haijifichi ndani ya neno.

Na mwambao huu una sababu yake ya kujali. Vijana wa Nyasa walivuka maji kwenda kuandikishwa, wengine upande ule, wengine upande huu. Kumbukumbu zao ziko katika majalada mawili tofauti. Mzee akikuambia babu yake alikuwa Keya, usiishie hapo. Muulize: Keya ya ngapi? Akisema ya kwanza, jalada lake litafute Malawi. Akisema ya sita, au ya 26, au ya 36, alikuwa wa huku.