Urekebishaji wa rangi ya gari la kifahari
UREKEBISHAJI wa rangi ni kazi ya kuondoa mikwaruzo midogo kwenye gari kwa kulisugua, bila kulipaka rangi mpya. Mingi ya mikwaruzo hiyo husababishwa na vitambaa vyenye mchanga wakati wa kuosha.

Magari mengi ya kisasa yana utando angavu juu ya rangi, wenye unene wa takriban milimita 0.05. Fundi haufukii mkwaruzo, bali huupunguza utando huo hadi uso ulingane. Unaosuguliwa leo haurudi kesho.

Hatari hiyo hudhihirika katika Ferrari F40, gari la kasi kutoka Italia lililozinduliwa mwaka wa 1987. Ili kulipunguzia uzito, bodi yake iliundwa kwa nyuzi za kaboni na Kevlar, kisha ikapakwa rangi nyembamba hivi kwamba msuko wa nyuzi huonekana chini yake. Asiyelijua huenda akadhani msuko huo ni dosari, akausugua mpaka rangi ikaisha.

Fundi stadi huliosha kwanza, akaondoa uchafu ulioganda kwa udongo maalumu. Hupima unene wa rangi kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwa kuwa vipimo vya kawaida huhitaji metali chini ya rangi. Huziba kingo kwa utepe, akajaribu dawa hafifu mahali padogo, ndipo aendelee. Hatimaye hupaka nta.

Mkwaruzo wa kina huachwa. Gari laweza kupakwa rangi tena, lakini rangi ya kiwandani hupatikana mara moja tu.