Hesabu bila mabano: wazo la profesa aliyekimbia vita

Mudzipela – Chukua mashini ndogo ya hesabu, ile ya dukani. Tuseme mama ananunua kilo 4 za mchele, kila kilo 2500 franka, na chupa moja ya mafuta ya 3000. Akianza na mafuta, akafinya 3000 + 4 × 2500, mashini nyingi zitamletea 7510000. Milioni saba kwa mchele na mafuta! Jibu la kweli ni 13000. Mashini haijaharibika. Imejumlisha 3000 na 4 kwanza, kisha ikazidisha, kwa sababu inafuata vidole tu.

Dawa ya shida hiyo ilianzia kwa mtu ambaye naye alikimbia vita. Jan Łukasiewicz alizaliwa 1878 katika mji wa Lwów, ambao leo uko Ukraine, akawa profesa wa mantiki huko Warsaw, Poland. Mwaka 1924 alipata wazo la kuandika alama ya hesabu mbele ya namba, ili mabano yasihitajike tena. Septemba 1939 nyumba yake ilipigwa bomu, vitabu na maandishi yake vikaungua. 1944 aliondoka Warsaw na mke wake, na 1946 wakafika Dublin, Ireland, ambako alipewa kazi. Alifariki huko 1956. Familia zilizoacha vyeti na madaftari ndani ya nyumba iliyochomwa hazihitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ya 1950 wengine, kama Charles Hamblin wa Australia, waligeuza utaratibu huo: namba kwanza, alama nyuma. Kampuni ya Hewlett-Packard ikauweka ndani ya HP-35, mashini ya mkononi iliyotoka 1972 kwa dola 395. Haina alama ya sawasawa. Ina kifungo cha ENTER.

Hesabu ya mama wetu inakuwa: 3000 ENTER, 4 ENTER, 2500, kisha ×, kisha +. Namba zinakaa kama sahani zilizopangwa, moja juu ya nyingine, na kila alama inachukua mbili za juu. Alama ya × inaleta 10000; + inaongeza zile 3000 zilizokuwa zinangoja chini. Kwangu faida kubwa ni hiyo 10000 ya katikati: inaonekana wazi, na mnunuzi anaweza kuisoma kabla hajatoa pesa.

HP-12C ya watu wa benki, iliyotoka 1981, imeendelea kuuzwa miaka mingi, lakini bei yake si ya soko letu. Kwa mashini ya kawaida, anza na kuzidisha: 4 × 2500, angalia kama ni 10000, ndipo uongeze 3000.