Jina Moja, Alama Nyingi

Mnamo mwaka 1837 kijana wa miaka 16 aliwasili Paris baada ya safari ndefu ya miguu kutoka kijiji cha Anchay, katika milima ya Jura nchini Ufaransa. Jina lake lilikuwa Louis Vuitton. Alijifunza kutengeneza makasha na kufunga mizigo ya matajiri, na mwaka 1854 akafungua duka lake mwenyewe. Zama hizo makasha ya safari yalikuwa na vifuniko vya mbinuko ili maji ya mvua yateleze, kwa hiyo hayakuweza kupangwa moja juu ya jingine. Vuitton akatengeneza kasha la kifuniko bapa, lililovishwa turubai ya kijivu isiyopitisha maji. Likapendwa, na kwa kuwa lilipendwa, likaigwa.

Katika miaka ya 1870 akaiacha rangi ya kijivu na kuchukua mistari. Mistari nayo ikaigwa. Mwaka 1888 ikaja turubai ya miraba iitwayo Damier, neno lenye asili moja na lile la dama, mchezo unaojulikana sana barazani pwani. Ndani ya miraba hiyo mliandikwa kwa Kifaransa kwamba chapa ile imesajiliwa. Waigaji hawakujali. Louis alifariki mwaka 1892, na mwaka 1896 mwanawe Georges akabuni turubai iliyojaa herufi mbili za jina la baba yake, L na V, zimepandana katikati ya maua. Alama ambayo leo wengi huiona kuwa ni ya fahari ilizaliwa na wizi kabla ya kulelewa na majivuno.

Mpenzi wa tenzi hatashangazwa na jambo hili. Watunzi wengi wa pwani waliweka majina yao katika beti za mwisho, pengine pamoja na tarehe na idadi ya beti, ili mnakili asipunguze wala asiongeze, na mdai asijitwalie. Kazi njema isiyo na jina ina wenyewe wengi.

Lakini ikiwa alama ni shahidi, kwa nini nyumba nyingine za mitindo hutosheka na shahidi mmoja, na nyingine huita kundi zima? Mfano wa Burberry wa Uingereza una mafunzo. Thomas Burberry alianza biashara mwaka 1856, na baadaye akabuni kitambaa cha gabadini kilichostahimili mvua. Mwaka 1901 nyumba hiyo ikapata nembo ya askari wa farasi mwenye bendera yenye neno la Kilatini Prorsum, yaani mbele. Katika miaka ya 1920 ikaongezwa alama ya pili: miraba ya rangi ya mchanga, nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliyotiwa katika bitana ya koti. Koti likifungwa, miraba haionekani. Likifunguliwa, mwenye kujua hujua.

Mwishoni mwa karne ya 20 miraba hiyo ikatolewa ndani ikawekwa nje, kwenye kofia, mikoba na skafu. Ikauzika sana, na ikaghushiwa sana. Kilichokuwa siri ya bitana kikawa kelele ya barabarani, hata wateja wa zamani wakaanza kukikimbia. Mwaka 2004 Burberry ikaacha kutengeneza kofia ya miraba, na katika miaka iliyofuata ikaipunguza miraba yenyewe kwenye bidhaa zake. Mwaka 2018 ikamwondoa askari wa farasi na kuleta herufi T na B zilizofumana. Mwaka 2023 askari akarejeshwa. Ndiyo faida ya kuwa na alama nyingi: moja ikiugua, nyingine huilinda nyumba mpaka mgonjwa apone.

Wengine huongeza alama kwa sababu ya bei. Giorgio Armani alianzisha nyumba yake Milano mwaka 1975, na mwaka 1981 akaongeza Emporio Armani, yenye nembo ya tai, kwa vijana wenye mfuko mwepesi. Kila daraja ikapewa jina lake ili cha bei nafuu kisikishushe hadhi cha bei ghali. Lakini wingi nao una kikomo. Madaraja yalipoongezeka, mnunuzi akashindwa kuyatofautisha, na mwaka 2017 nyumba hiyo ikatangaza kuyapunguza. Pierre Cardin wa Paris alifuata njia nyingine: jina lake moja alilikodisha kwa mamia ya watengenezaji, likaonekana kwenye tai, kalamu, hata sigara. Alitajirika, lakini jina lililotiwa kwenye kila kitu likapoteza uwezo wa kutofautisha kitu na kitu.

Wako pia waliochagua kimya. Bottega Veneta, iliyoanzishwa Vicenza nchini Italia mwaka 1966, ilijulikana kwa mikoba ya ngozi iliyosukwa ukili kwa ukili, bila ya herufi yoyote nje. Msuko wenyewe ndio saini. Alama ya namna hii ni ngumu kuiga, maana aigaye hana budi kwanza ajue kusuka.

Katika khanga, maswali yote mawili yana jibu. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yanayosema mapenzi, shukrani au kijembe. Jina hubadilika toleo baada ya toleo, kwa sababu kila mvaaji ana la kusema. Lakini katika khanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa paliandikwa pia, kwa herufi ndogo, K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hayo hayakubadilika. Jina lilikuwa la mvaaji. Alama ilikuwa ya mfanyabiashara, ahadi kwamba kitambaa kikichuja au kikichanika, yupo wa kuulizwa.

Nyumba za Paris, London na Milano zimezunguka zaidi ya karne moja katika mambo hayo mawili. Zinapotaka kuzungumza na watu mbalimbali, huzidisha alama. Zinapotaka kuaminiwa, hurejea kwenye moja. Hatari huingia pale alama ya ahadi inapotumika kwa mazungumzo kila siku, kwenye kila kofia na kila kalamu. Georges Vuitton aliweka herufi za marehemu baba yake juu ya turubai ili mnunuzi ajue nani alilitengeneza kasha. Iwapo herufi hizo zitabaki huku fundi amesahauliwa, mwigaji hatakuwa na kazi kubwa tena: kitakachobaki cha kuigwa ni herufi tu.