Lenzi Isiyojua Karibu na Mbali

Mkazi wa Bombambili, Songea, anayetolewa mtoto wa jicho siku hizi huwekewa lenzi ya plastiki isiyobadilika umbo. Mara nyingi huchaguliwa ya kuonea mbali: atamtambua jirani ng'ambo ya barabara, ila kuchambua mchele au kutunga uzi kwenye sindano kutadai miwani. Kutafuta lenzi inayojirekebisha, kama jicho la kijana, wengine wanakuona ni anasa ya matajiri. Historia ya lenzi inawakanusha.

Novemba 29, 1949, huko London, daktari wa macho Harold Ridley aliweka lenzi bandia ya kwanza ndani ya jicho la binadamu. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita, vilivyobaki machoni mwa marubani, havikuleta madhara. Vigogo wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi, na Marekani haikuidhinisha lenzi za aina hiyo hadi 1981. Wakati huo mgonjwa wa Afrika Mashariki aliondolewa lenzi yake iliyofifia, akapewa miwani minene iliyokuza kila kitu na kumbana upeo wa pembeni. Ikivunjika au kupotea, alirudi gizani, upasuaji wote bure! Hata hivyo ilidaiwa kwamba kwa nchi maskini miwani inatosha. Dai hilo lilikuwa na uzito, kwani lenzi moja iliweza kugharimu zaidi ya dola 100, na madaktari wa macho walikuwa wachache mno. Viwanda ndivyo vilivyolivunja. Aurolab ya Madurai, India, ilianza kutengeneza lenzi mwaka 1992, na kiwanda cha Asmara, Eritrea, kikafuata mwaka 1994. Bei ikashuka chini ya dola 10, na kilichoitwa anasa kikawa tiba ya kawaida.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba lenzi inayojirekebisha bado haijapatikana kwa ukamilifu. Lenzi ya Crystalens, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ilitegemea msuli wa jicho kuisogeza mbele, lakini ilisogea kidogo sana. Kifuko kinachoshika lenzi husinyaa na kukakamaa baada ya upasuaji. Ni kweli pia kwamba aliyepofuka leo asisubiri: apewe lenzi ya kawaida sasa hivi. Lakini kumwambia akitoka hapo ategemee miwani ya kusomea ni kurudia hoja ile ile ya zamani. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wana shida ya kuona karibu, na wenye miwani walikuwa wachache.

Wanaobuni lenzi zinazojirekebisha hupima zaidi umbali wa kitabu, takriban sentimita 40. Anayepepeta mahindi au kupalilia hutazama mbali zaidi ya hapo, kwenye urefu wa mkono. Umbali huo uingie kwenye vipimo vyao tangu majaribio ya kwanza, na bei ijadiliwe papo hapo.